Kitu Kisichopata Mnunuzi

Shemasi wetu alikuwa na sauti mbaya. Nasema hivyo kwa upendo, na mwenyewe alijua, maana kwaya ilimkataa na mimi nilikuwa mmoja wa waliomkataa. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mtu anayeita mbuzi waliovuka kilima. Lakini mahubiri yakiisha, mchungaji akikaa chini kujifuta jasho, sauti hiyo ndiyo iliyotuzuia tusikimbilie majumbani. Shemasi ndiye aliyepiga mnada.

Asiyelijua kanisa letu la Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, nimweleze kidogo. Wengi wetu tulitoka Kivu ya Kusini, huko Kongo, na mabunda kichwani, na Jumapili hatukuwa na cha kutia kikapuni. Kwa hiyo kila mtu alileta alichokuwa nacho: mhogo, maharagwe, kuku, mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha vitu hivyo viliuzwa pale pale mbele ya mimbari, na kilichopatikana kikawasaidia wageni waliokuwa wakiletwa kutoka Kabazana, kwenye kituo wanakoandikishwa wakimbizi wapya kabla ya kugawiwa viwanja. Makanisa mengi hufanya hivyo. Letu tu ndilo lililokuwa na masharti ya Shemasi.

Sharti la kwanza: hakiuzwi kitu kabla mtoaji hajatajwa, na sababu yake ya kutoa isemwe watu wote wasikie. "Mutu anatoa kitu, aseme juu ya nini," alikuwa akituambia. "Kitu ya kunyamaza miye siuzishake." Sharti la pili: kisichopata mnunuzi kinarudi kwa mwenyewe, siku hiyo hiyo, mbele ya macho ya watu. Hakuna kukipitisha nyuma kwenda jikoni kwa mchungaji.

Wageni waliona ni mchezo. Sisi tulijua si mchezo tangu siku ya jogoo. Jirani yetu mmoja, fundi wa baiskeli, alileta jogoo mwekundu mnene kuliko wote waliowahi kuingia kanisani humo, akasema anamshukuru Mungu kwa amani nyumbani mwake. Mke wake alikuwa ameketi upande wa akina mama na jicho limevimba. Shemasi alimnyanyua yule jogoo kwa miguu. "Huyu jogoo anatoka kwa ndugu yetu," akasema, "anashukuru juu ya amani ya nyumba yake. Nani anaanza?" Wanaume walitazama dari na wanawake walitazama viatu vyao. Shemasi aliuliza tena, kwa upole kabisa, kisha akamrudishia fundi jogoo wake. Tulimwona akipita Rubondo nzima naye kwapani, na jogoo anawika.

Mkisikia hivyo mtadhani alikuwa mtu mkali asiyecheka. Sivyo. Alikuwa mwongo mkubwa wa bei. Kuku mgonjwa akifika mkononi mwake alikuwa wa ukoo bora, na mhogo mchungu ulikuwa dawa ya mgongo. Siku moja nilimnunua bata ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa anataga hata akiwa amekasirika. Hakutaga kabisa, kwa kuwa alikuwa dume. Nilipomfuata Shemasi na malalamiko, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mama wa mashini," akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa ajili ya cherehani yangu, "kusifu bei haina uongo. Kila mutu anajua muuzaji anasifu. Uongo ni kuficha kitu inatoka wapi."

Sikuridhika, na bata tulimla. Ila nimelifikiria neno lile miaka mingi kuliko mahubiri yoyote niliyosikia pale.

Alikuwa pia na majivuno, na majivuno yake yote yalikaa kwenye koti moja la kijivu. Kila kola ilipochakaa alikuja kibarazani kwangu niigeuze, upande wa ndani utoke nje, na alisimama juu ya kichwa changu akikagua kila mshono utadhani ninamshonea gavana. Alivuta ugoro kwa siri, siri iliyojulikana na kila mwanakwaya kwa kupiga chafya kwake. Na aliogopa ng'ombe. Tuliishi katikati ya wafugaji, wengine wakimbizi wenzetu na wengine wenyeji wenye nchi, na yeye mkulima mwenye mvi alikuwa akivuka barabara akimwona ndama. Watoto walimtania kwa kulia "moo" nyuma ya ukuta, naye akawarushia maganda ya ndizi.

Sasa niseme habari ya Mheshimiwa, maana ndiyo iliyomfanya Shemasi ajulikane mpaka Mbarara, na ndiyo iliyomgharimu.

Huyo Mheshimiwa alikuwa kansela, yaani diwani wa baraza la wilaya. Wakati ule paliletwa barazani sheria ndogo ya kutuzuia wakimbizi kuuza bidhaa kwenye senta, yaani soko la barabarani, bila kibali kipya, na kibali chenyewe hakuna aliyejua kingepatikana wapi. Kamati iliyoishika sheria hiyo ilikuwa chini yake. Mtu wake akapita kwa wachuuzi wetu, meza kwa meza, akiwaambia kwamba Mheshimiwa anaweza kuilaza sheria ile isiamke tena, wakienda kumwona "kwa heshima". Maana ya heshima hiyo kila mtu aliielewa.

Wachuuzi walinung'unika, habari ikafika redio moja ya Mbarara. Redio ikamtuma mwandishi, binti mdogo mwenye kinasa sauti kinachoingia kwenye mfuko wa sketi. Alitaka kumtega Mheshimiwa, na alihitaji mtu ambaye wachuuzi wangemwamini kupeleka bahasha. Wote walimtaja Shemasi.

Mazungumzo yao yalifanyika kibarazani kwangu, mimi nikijifanya ninashona. Shemasi hakuipenda kazi ile. Mtego ni wa panya, alisema, na mtu si panya, hata akiwa anakula usiku. Yule binti alimweleza kwa subira kwamba bila sauti ya Mheshimiwa mwenyewe hakuna atakayewaamini wachuuzi wa Kongo.

"Bon," Shemasi akasema mwishowe. "Nitaenda. Lakini sitadanganya. Akiniuliza kama ni mutego, nitamujibu ni mutego. Na nikitoa, nitatoa namna yangu."

"Namna yako ni ipi, mzee?"

"Nitasema inatoka kwa nani, na juu ya nini."

Binti alishika kichwa. Alimwuliza ni mtoa hongo gani hutangaza, akamwambia kwamba Mheshimiwa atashtuka na kukimbia na kazi yote itaharibika. Shemasi alimwambia basi atafute mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine.

Wakaenda, Shemasi na wachuuzi wawili, na binti akijifanya mpwa wa mmoja wao. Walimkuta Mheshimiwa kwenye hoteli moja ya Mbarara, anakula matoke na mchuzi wa karanga. Hayo sikuyaona, niliyasikia baadaye pamoja na mkoa mzima. Shemasi alisimama, akavua kofia, akaishika bahasha kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ile ile ya Jumapili: "Mheshimiwa, hii kitu inatoka kwa bachuuzi ba Rubondo. Banaitoa juu ulalishe ile sheria ya soko, isipite."

Na Mheshimiwa akajibu, "Amina."

Alikuwa mtu wa kualikwa makanisani. Alimwona mzee wa Kongo mwenye koti la heshima, kofia mkononi, anatamka maneno kwa kituo, akadhani ni sala ya wakimbizi. Akaitikia kama anavyoitikia sala zote, akaitia bahasha mfukoni na kuendelea na matoke yake. Redio iliirusha "Amina" hiyo asubuhi, mchana na jioni. Watu wa bodaboda wakamgeuza jina. Akipita na gari lake kuelekea Kikagate, unasikia kutoka kila kijiwe: Amina, Mheshimiwa.

Baraza likalazimika kumwita kwenye kamati yake ya maadili, nasi tukapanda lori la mkaa kwenda Mbarara kusikiliza. Mheshimiwa alijitetea vizuri, nisimnyime haki yake. Kwanza alisema alijua ni mtego na alikuwa akiwatega waliomtega. Baadaye alisema ilikuwa sadaka, ndiyo maana aliitikia Amina. Mwishoni alisema kwamba sheria hutungwa na watu wote kwa pamoja, na kansela mmoja hawezi kuilaza, hivyo hata kama alipokea, hakuna alichouza. Mtu mmoja, sababu tatu, na hakuna iliyokuwa imesalimiana na mwenzake. Rafiki yake aliyekuwa kwenye kamati akamgeukia Shemasi na kumwuliza, kwa Kiswahili cha barabarani, na "ssebo" lao, yaani bwana, mwishoni:

"Wewe mzee wa kanisa, wewe unatega mtu. Hiyo si dhambi, ssebo?"

Shemasi hakuwahi kuharakishwa na mtu. Alikunja kofia yake mara moja, akaikunjua.

"Dhambi iko," akasema. "Ile ya mutego ni yangu, nitaijibu mbele ya Mungu. Ile ya kukula ni yake, ajibu hapa. Yeye anafungaka batu na sheria. Sisi tunataka kujua yeye anafungwa na nini."

Kamati ilinong'ona kwa muda mrefu, ikampa Mheshimiwa onyo. Onyo tu, la mtoto aliyechelewa shule. Nilitoka ukumbini nimekasirika, na bado nimekasirika. Shemasi yeye alisema onyo limesikika, inatosha, akaniomba nimsindikize kununua ugoro mahali ambapo mchungaji hatapita. Sheria ile ya soko ikafia kwenye meza, kwa kuwa hakuna kansela aliyetaka kuonekana akiigusa. Uchaguzi ulipokuja, wenyeji wakamwacha Mheshimiwa. Sisi wakimbizi hatupigi kura, kwa hiyo asituwekee kinyongo kwa hilo.

Lakini alituwekea. Shamba la Shemasi lilikuwa bondeni, udongo mweusi, maharagwe yake ndiyo yaliyokuwa yakiongoza mnada kila msimu. Muda mfupi baada ya uchaguzi ng'ombe waliingizwa humo, kundi zima, maharagwe yakiwa yamejaa maganda. Tulisikia kelele tukakimbilia huko. Shemasi alikuwa amesimama katikati, na fimbo, anapiga kelele kwa sauti ya mnada. Mtu aliyemkimbia ndama, amesimama mbele ya pembe zile zote na hakurudi nyuma hata kidogo. Ng'ombe walimzunguka, wakala. Wachungaji wao walisimama kando, na mmoja alisema "Amina" akacheka.

Baadaye akaambiwa shamba lenyewe lina mgogoro wa mpaka, ni malisho ya mtu, asubiri. Alisubiri nyuma ya nyumba ya binti yake Furaha, kwenye kijipande kisichotosha hata mboga. Furaha, mjane mwenye watoto, akaanza kulima mashamba ya watu kwa kibarua. Na wachuuzi ambao meza zao ziliokolewa? Walimsalimu kwa heshima. Wengine walisema chini chini kwamba mgeni hana budi kujua mahali pa kunyamaza. Niligombana nao, nikakataa kuwashonea nguo za sikukuu. Shemasi ndiye aliyekuja kunituliza.

"Balinituma na bahasha, shamba haiko deni yabo," alisema. "Banisalimie tu, inafaa."

Swali la kama alijuta nilimwuliza mara nyingi, kwa hila na bila hila, na kila mara alinijibu kwa kunionyesha kola ya koti.

Mimi nilihamia Mbarara na cherehani yangu, nikapanga kibaraza karibu na soko. Miaka ikapita. Mwaka 2015, kampeni zilipoanza, niliinua macho kwenye kazi yangu nikamwona Mheshimiwa kwenye ukuta wa mbele, amebandikwa, anatabasamu. Sasa alitaka Bunge. Alikuwa amenenepa na kuvaa miwani. Watoto wa bodaboda, ambao wakati ule walikuwa bado mgongoni kwa mama zao, walipita mbele ya picha ile na kuitikia Amina.

Wiki hiyo Furaha alinipigia simu kwamba mzee ni dhaifu, miguu imevimba, na anauliza koti lake. Nilikuwa nimelichukua niligeuze kola. Nikalikunja, nikapanda gari la Nakivale siku ya Jumamosi.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alilikagua koti mshono kwa mshono na kukuta kosa. Tulikuwa bado tunabishana juu ya kosa hilo pikipiki ilipofika. Alishuka mwanamume mwenye fulana ya picha ya Mheshimiwa, akasalimia kwa adabu, akakaa kwenye benchi tuliyompa. Furaha alikuwa ndani anachambua mchicha, na mlango ulikuwa wazi.

"Mzee, mimi nimetumwa," yule mtu akasema. "Hii maneno ya zamani inaharibia mheshimiwa wetu jina. Wewe kuja redio Jumatatu, sema kitu moja tu: ile ilikuwa sadaka ya kanisa, redio ndio ilidanganya watu. Basi. Shamba yako inarudi. Ile ile, ya bonde."

Ndani, mkono wa Furaha ulikuwa umesimama kwenye mchicha. Nilimwona, na najua yeye alijua ninamwona. Posho ya chakula ya wakimbizi ilikuwa imepunguzwa, watoto wake walikuwa wanakula mara moja, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa jembe la watu wengine.

"Mheshimiwa anataka kunipa shamba," Shemasi akasema taratibu.

"Ndiyo, mzee. Kabisa."

"Bon. Mulete kesho kanisani."

Yule mtu akacheka kidogo. "Shamba inaletwa kanisa namna gani?"

"Udongo yake tu. Jaza beseni moja. Fasi yetu, mule kanisani, kitu inatolewa mbele ya batu."

Uso wa mjumbe ukang'aa. Aliona sherehe, msamaha, picha ya gazeti. Akatushika wote mikono na kuondoka. Furaha alitoka na sinia la mchicha, akalitua chini kwa nguvu.

"Papa, batoto bangu bale nini?"

Shemasi alilikunja koti magotini. "Kesho, weye utakuwa pale," akasema. "Na weye una mudomo wa kununua, sawa na mutu yeyote."

Jumapili mjumbe alikuja na mpiga picha. Beseni la udongo likawekwa mezani kati ya malenge na mafungu ya mihogo. Ulikuwa udongo mweusi, bado una unyevu, na wakulima wote mle ndani waliusogelea kwa macho. Vijana wawili walimsimamisha Shemasi kwa makwapa, akiwa ndani ya koti lake, na mimi niliomba Mungu mshono usiachie. Mpiga picha akajiweka tayari.

"Hii udongo inatoka kwa Mheshimiwa," Shemasi akasema, na sauti ilikuwa mbaya vile vile. "Ni shamba ya bonde, munaijua. Anaitoa juu niende kwa redio, niseme ile kitu alikula Mbarara ilikuwa sadaka." Akavuta pumzi. "Nani anaanza?"

Mpiga picha alishusha kamera. Wachuuzi walikuwepo, wale wale, wenye mvi sasa, na nilimwona mmoja wao akikaa juu ya mikono yake.

"Nani anaanza?" Shemasi akauliza tena.

Furaha akasimama. Alipita kati ya mabenchi bila kumtazama mtu, akafika mezani, akaingiza vidole ndani ya udongo ule na kuusugua taratibu, kama mtu anayepima kama mvua imetosha. Mimi niko mwepesi wa kuhukumu, kila anayenijua atasema hivyo. Siku ile niliapa moyoni kwamba akisema bei, yoyote, sitamhukumu mpaka nife, na atakayemhukumu nitamfuata nyumbani kwake.

Alilinyanyua beseni, akajitwika, akatoka. Sisi tuliokuwa karibu na dirisha tulimwona anavuka uwanja hadi kwenye pikipiki. Mjumbe alimfuata mbiombio. Furaha akamkabidhi beseni kwa mikono miwili.

"Ssebo," akamwambia, "hakuna mutu alinunua."

Kisha akarudi ndani, akakaa mahali pake. Shemasi alikuwa bado amesimama. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshikwa na vijana. Akaelekeza kidevu kwenye malenge yaliyofuata.

"Hii malenge inatoka kwa mama mugeni wa Kabazana," akasema. "Anashukuru juu amepata mulango wa kufunga. Nani anaanza?"

Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Furaha, na udongo bado kwenye vidole.